Mawe yenye mistari: agati ni gani, malakiti ni gani, na gani isiingie nyumbani

Mistari peke yake haitoshi. Kuko mawe yenye mistari ambayo ni shaba, mengine ni kilauri, mengine ni plastiki. Tena kuko rangi ambazo mchimbaji akiziona anapaswa kurudi nyuma. Hii hapa namna ya kuyatenganisha kwa kisu, uzi na kikombe cha maji.

Katika nyumba nyingi za wachimbaji, kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, utakuta jiwe moja kwenye dirisha ao juu ya televizyo. Baba alilileta kutoka kazini juu lilikuwa zuri tu. Mgeni akiuliza, kila mtu anajibu lake. Mmoja anasema: "Ile ni agati." Mwingine: "Hapana, malakiti." Wa tatu anacheka: "Kilauri tu hiyo, mutupe!"

Neno hilo si la kuchekea tu. Mtu asiyejua jiwe lake anaweza kuliuza kwa bei ya mfuko wa minerai wakati mwenye kukusanya mawe angelilipia zaidi. Anaweza pia kununua shanga za uongo kwa bei ya kweli. Na kibaya zaidi, anaweza kuweka chini ya kitanda cha watoto kitu ambacho hakipaswi kukaa na watu.

Agati inazaliwa wapi

Agati ni mtoto wa volkano. Lava inapotoka chini ya ardhi, inakuwa na gazi ndani yake, sawa povu katika chupa ya bia. Lava ikipoa na kugeuka jiwe, yale mapovu yanabaki mashimo. Kiisha, kwa miaka mingi sana, maji yenye silisi yanapita humo na kuacha utando mwembamba kwenye ukuta wa shimo, halafu mwingine juu yake, halafu mwingine tena. Njo ile mistari. Inafuata ukuta wa shimo, kutoka inje kuja katikati, na hakuna mstari unaokata mwenzake. Katikati mara nyingine kunabaki uwazi wenye meno madogo ya kwarzi yanayong'aa.

Silisi ni kitu kile kile kilicho katika mchanga mweupe wa mto. Katika agati inakaa kwa nyuzi ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuona. Chuma kikiingia kidogo, kunatokea rangi nyekundu, rangi ya chungwa ao kahawia.

Baadaye mvua na jua vinakula lava. Agati haioze upesi sawa lava. Inabaki, inaviringika mpaka mtoni. Kwa hiyo wanaotafuta agati mara nyingi hawachimbi. Wanaokota.

Jina lake linatoka kwenye mto Achates wa Sicily, huko Italia. Mwenye hekima wa Ugiriki, Theophrastus, aliliandika karibu miaka 2300 iliyopita. Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kusini mwa Afrika kuko lava za zamani zinazoitwa za Karoo, za miaka karibu milioni 180. Zinatoa agati Botswana, upande wa Bobonong, zinatoa Zimbabwe, zinatoa kusini mwa Malawi, upande wa Chikwawa. Madereva wetu wanaotoka Kasumbalesa na kushuka mpaka Livingstone, Zambia, wanafika juu ya lava hizo hizo: mto Zambezi unaanguka juu yake pale Mosi-oa-Tunya, na agati ziko ndani ya mawe yale.

Na huku kwetu?

Shaba ya Katanga haikuzaliwa katika lava. Iko katika matabaka yaliyojipanga chini ya maji ya zamani: dolomia, udongo uliogeuka jiwe, mchanga. Kwa hiyo ukiwa ndani ya carrière ya shaba na ukaona jiwe la kijani lenye mistari, wazo la kwanza liwe malakiti, si agati.

Malakiti na agati zinafanana juu zilijengwa kwa namna moja: maji yalipita katika uwazi na kuacha utando juu ya utando. Lakini maji ya agati yalibeba silisi, ya malakiti yalibeba shaba. Malakiti safi ina shaba karibu asilimia 57. Wazee wetu, wale Wazungu waliowaita "mangeurs de cuivre", walifuata kijani hicho juu ya vilima, wakakiyeyusha na kumimina ile misalaba ya shaba tunayoijua wote.

Mchimbaji wa Kolwezi atauliza: na RSC je? Swali zuri. Lile jiwe gumu lenye matundu, ambalo wajiolojia wanaliita roches siliceuses cellulaires, limejaa silisi. Linavunja nyundo, na malakiti nzuri mara nyingi inakaa ndani ya matundu yake. Mistari ya silisi inayoonekana humo inaweza kupita mtihani wa kisu sawa agati, lakini si agati ya lava. Mtu akikuambia anauza "agati ya mgodi wa shaba", usimtukane, lakini usimwamini kabla ya kufanya mitihani.

Mitihani sita ya nyumbani

Kanuni ni moja: mtihani mmoja unaweza kudanganya. Fanya mbili ao tatu, na chagua kona ya nyuma ya jiwe ili usiharibu uso mzuri.

Wa kwanza ni mwanga. Shika jiwe mbele ya jua ao tochi ya telefone, upande ulio mwembamba. Agati inapitisha mwanga kidogo, sawa maziwa yaliyotiwa maji. Malakiti haipitishi kitu.

Wa pili ni kisu. Kwaruza jiwe kwa ncha ya kisu ao musumari. Malakiti inakubali alama, na unga wake ni kijani. Agati inakataa: kisu ndicho kinachoacha mstari wa kijivu, ule ni chuma cha kisu, unafutika kwa kidole. Agati pia inakata kilauri cha chupa bila shida. Wenye kupima ugumu wa mawe wanatumia ngazi ya 1 mpaka 10, almasi ikiwa 10. Malakiti iko kati ya 3,5 na 4. Agati iko karibu 7.

Wa tatu ni karo. Chukua kipande cha karo, geuza upande wa nyuma usiong'aa, na sugua jiwe juu yake. Malakiti inaandika kijani. Agati haiandiki kitu cha rangi. Inakwaruza karo yenyewe.

Wa nne ni ndimu. Huu unatusaidia juu ya jiwe la tatu lenye mistari, kalsiti, ile inayojijenga katika mapango na nyufa za dolomia. Kalsiti inapitisha mwanga sawa agati, na wengi wanadanganyika hapo. Lakini kisu kinaikata, na ukidondosha ndimu juu ya unga wake unaona mapovu madogo. Agati haisikii ndimu. Malakiti usiijaribu kwenye uso uliosuguliwa: ndimu, siki na maji ya batri vinakula mng'ao wake.

Wa tano ni uzito, na huu ndio wenye nguvu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo na urudishe mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote ndani ya maji, lisiguse chini wala pembeni. Andika gramu ambazo mizani inaonyesha. Kiisha gawanya uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo. Mfano: jiwe lina gramu 520 likiwa kavu. Ndani ya maji mizani inaonyesha 200. 520 kugawanya 200 ni 2,6: hiyo ni namba ya agati. Jiwe lingine lina 520 pia, lakini ndani ya maji mizani inaonyesha 130. Jibu ni 4: umefika kwa malakiti. Jiwe lenye matundu mengi ndani litatoa namba ndogo kidogo, kwa hiyo usishangae ukipata 3,7.

Wa sita ni ganda na pasuko. Agati ambayo haijakatwa haina uzuri inje. Iko sawa kiazi, ngozi yake ina vishimo vidogo. Fasi ilipovunjika inaonyesha mviringo wa kuzama, sawa chupa iliyovunjika, na mng'ao wake ni wa nta kuliko wa kilauri.

Wadanganyifu watatu

Wa kwanza ni jiwe la moto. Watoto wa Lubumbashi wanalijua: vipande vyeusi ao vya kijani vinavyong'aa, vilivyotoka kwenye takataka za tanuru. Tanuru ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na mlima wa terril njo mabaki yake. Kilauri hicho kinaweza kuwa na mawimbi yanayofanana na mistari. Tazama vizuri: mawimbi yanatiririka ovyo sawa asali, na ndani kuko mapovu ya mviringo. Agati haina mapovu. Tena jiwe hilo ni zito kuliko agati.

Wa pili ni agati ya kweli yenye rangi ya uongo. Vile vipande vyembamba vya bluu kali ao waridi kali, mara nyingi ni agati ya Brazil iliyolazwa katika rangi. Agati ina vitundu vidogo sana, inakunywa rangi. Huko Ujerumani, katika karne ya 19, mafundi walikuwa wanalaza agati katika maji ya asali ao sukari, kiisha katika asidi kali. Sukari inaungua ndani na jiwe linakuwa jeusi. Si dhambi kupaka rangi. Dhambi ni kutosema. Ukiona rangi imejikusanya katika nyufa, umeshajua.

Wa tatu anagusa mkate wetu: malakiti ya plastiki. Shanga zake zina mistari myeusi na kijani iliyo sawasawa mno, kila shanga ndugu pacha ya mwenzake. Ishike mkononi: ni nyepesi na haina ubaridi. Malakiti ya kweli ni baridi na nzito, na mistari yake inapanuka na kubana bila kufuata sheria ya mtu.

Kutafuta, na kulinda kile ulichopata

Ukisafiri kwenye nchi ya lava na ukataka kujaribu bahati, nenda mtoni wakati maji yamepungua, ao kwenye njia iliyokatwa na mvua. Asubuhi ao jioni, jua likiwa chini, tembea ukielekea jua: agati inashika mwanga na kuwaka kati ya mawe mengine. Chukua kopo la maji, mawe yenye mashaka yaloweshe. Mstari uliojificha katika jiwe kavu unaonekana mara moja.

Huku kwetu, kwenye malakiti, adui mkubwa ni nyundo. Ba creuseur wanapasua juu depo inanunua kwa uzito na kwa asilimia. Lakini mwenye kukusanya anataka kinyume: kipande kizima, chenye matiti ya mviringo yasiyokwaruzwa, ao meno membamba yasiyovunjika. Ukiona tundu lenye kitu kizuri, acha kupiga pale. Ondoa jiwe la kuzunguka, toa na kipande cha ukuta wake. Osha kwa maji na brosi laini, bila asidi. Funga katika magazeti, kila kipande peke yake.

Kiisha andika karatasi ndogo: jina la mgodi, mwezi na mwaka, kilitoka katika jiwe la namna gani. Wanaokusanya mawe duniani wanayajua majina ya Musonoi, Kambove na Kolwezi. Jiwe lisilo na mahali lilipotoka linapoteza sehemu ya thamani yake, na ukisahau leo hakuna atakayekukumbusha kesho.

Rangi zisizoingia nyumbani

Hapa msomaji asome polepole. Katika migodi kadhaa ya Katanga, shaba inakaa pamoja na uraniumu. Jina kubwa ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliyogunduliwa mwaka 1915. Uraniumu nyingi iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka pale. Mwaka 2004 Serikali ilipiga marufuku kuchimba huko. Lakini si Shinkolobwe peke yake. Hata Musonoi, ndani ya Kolwezi, ilitoa mawe ya namna hiyo.

Tatizo ni kwamba mawe hayo ni mazuri. Kuko ya manjano sawa ndimu iliyoiva, kuko ya rangi ya chungwa kali, kuko majani madogo ya kijani, bapa, yanayong'aa sawa magamba ya samaki, na sindano za kijani zilizofungamana. Malakiti haina manjano wala chungwa, na haikai kwa magamba. Jicho peke yake haliwezi kusema ndiyo ao hapana. Ni chombo cha kupima mionzi kinachoweza. Kwa hiyo sheria ya nyumbani iwe rahisi: rangi hizo usizivunje, usiziweke chumbani, usiwape watoto wazichezee. Ukishika, osha mikono kabla ya kula. Uliza mtu wa jiolojia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinawafundisha. Mtu akija na pesa ya haraka juu ya mawe hayo, jua kwamba yeye ataondoka na jiwe, na wewe utabaki na vumbi lake.

Kuko vumbi lingine pia, na hili linatoka katika agati yenyewe na katika RSC. Vumbi la silisi linaharibu mapafu polepole, na hayarudi. Vumbi la malakiti nalo ni sumu. Anayekata ao kusugua jiwe nyumbani afanye hivyo likiwa limelowa maji, inje, akiwa amefunika pua, na watoto mbali.

Mji uliobaki na kazi wakati mawe yaliisha

Tuseme ukweli juu ya bei: agati ya kawaida si almasi. Inapatikana duniani kote, na nyingi inauzwa bei ya chini. Kinachopandisha bei ni mistari myembamba isiyo na ufa, na mkono wa fundi.

Huko Ujerumani kuko mji unaoitwa Idar-Oberstein. Kwa karne nyingi watu wake walisaga agati ya vilima vyao kwa mawe makubwa ya mchanga yaliyozungushwa na maji ya mto. Fundi alilala kwa tumbo juu ya kiti cha mbao, uso karibu na jiwe, na wengi waliumwa mapafu. Kiisha agati yao ikapungua, umaskini ukaingia, na familia zikahamia Brazil. Waliohama waliona agati katika mito ya Rio Grande do Sul, na mwaka 1834 mzigo wa kwanza ukafika kwa ndugu waliobaki. Mpaka leo mji huo unakata mawe yanayotoka nchi nyingine, pamoja na ya Afrika.

Sisi bado tuna jiwe, na mafundi wa malakiti tunao Lubumbashi na Kolwezi: wanachonga shanga, sanduku, wanyama, mchezo wa dama. Lakini malakiti nyingi inaondoka katika mfuko ikiwa imevunjwa, na fundi anakosa kipande kizima cha kufanyia kazi. Mchimbaji na fundi wakijuana, kipande kimoja kizuri kinaweza kuwalisha wote wawili.

Sheria nayo isisahaulike. Kuchimba kwa mikono kunataka kadi ya mchimbaji mdogo, carte d'exploitant artisanal, na zone iliyokubaliwa. Watoto hawana nafasi katika shimo, hata kwa kuokota mawe mazuri. Na kabla ya mawe ya thamani kuvuka mpaka, kuko karatasi za CEEC. Négociant anayekuambia "hakuna haja" anakuachia wewe shida yake.

Basi leo jioni, teremsha lile jiwe la dirishani. Mama alete kikombe, mtoto mkubwa wa shule afanye hesabu ya kugawanya, baba atoe kisu. Mkipata 4 na unga wa kijani, andikeni: malakiti, na mgodi uliotoka. Mkipata 2,6 na kisu kikashindwa, ulizeni aliyelileta alilitoa wapi. Lakini likiwa na manjano ya ndimu ao magamba ya kijani, msilipime, msilikwaruze. Litoke nyumbani kwanza, mikono ioshwe, ndipo mtafute mtu mwenye chombo.